Benchi la Nyuma la Landrova

Walinipa maikrofoni nikairudisha. Ilikuwa Buffalo, hapa Amerika, kwenye mazishi ya Yaya Riziki, katika ukumbi wa kanisa uliojaa makoti mazito na harufu ya chai ya tangawizi, na mchungaji alikuwa ametangaza kwamba sasa mdogo wa marehemu atatoa ushuhuda. Watu wakaitikia Amina ile ya kumsukuma mtu asimame. Nikatikisa kichwa. Nyuma yangu Mama Jeneroza, yule Mrundi jirani wa Yaya aliyemnywesha uji miezi yote ya ugonjwa, akasema taratibu, "Kilio kimemkaba, mwacheni." Wakaniacha, wakaimba. Kilio kilikuwepo, sikatai. Dada yangu mkubwa alikuwa pale mbele ndani ya sanduku, na kwetu milimani yaya ni yule aliyekutangulia tumboni mwa mama, si mlezi wa kuajiriwa kama wanavyosema wenzetu wa pwani. Lakini sikukataa kwa sababu ya kilio. Mimi sijatoa ushuhuda kanisani tangu mwaka ule niliopangusa magari ya Waingereza mjini Louisville, na kabla ya mwaka ule nilikuwa nikisimama kila nilipoitwa, na mara nyingine bila hata kuitwa.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, na nitasema jambo ambalo mama mzima huona haya kulisema: huo ndio uliokuwa ujana wangu. Ujana wa kwanza ulimezwa na kuolewa, kuzaa na kukimbia, sikuuona ulivyopita. Huu wa pili ulinikuta mtaa wa Newburg, huko Louisville, ghorofa ya juu katika yale majumba ya kupanga, dirisha la jikoni likitazama maegesho, mimi na binti yangu Sifa tukipishana mlangoni, yeye akitoka chuoni na mimi nikienda kazini. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja la South End, hadi vidole vikagoma kukunjika. Ndipo kampuni ya usafi ikanihamishia kwenye makumbusho ya magari, jengo la matofali lililowahi kuwa bohari la tumbaku, mali ya tajiri mmoja ambaye nilimwona mara mbili tu na mara zote mbili alikuwa anatafuta miwani yake. Alikuwa amekusanya magari ya Uingereza tu, ya zamani, mengine ya ajabu. Aliyeyatunza alikuwa fundi mzee, Mista Roy, mtu wa kofia ya sufi majira yote, ambaye siku ya kwanza alinionyesha choo, kabati la mifagio, na ndoo ambayo sikupaswa kuigusa.

Nilikuwa sijui kwamba gari linaweza kumchekesha mtu. Kulikuwa na kigari kimoja kidogo kuliko jokofu langu, cha mtu mmoja, magurudumu matatu, kisicho na rivasi. Ukitaka kukirudisha nyuma unashuka, unakishika mkono wake wa nyuma, unakigeuza kama toroli. Kulikuwa na kingine ambacho mlango wake ulikuwa usoni, unaufungua kama kabati la vyombo na usukani unakuja nao. Kulikuwa na Morisi yenye fremu ya mbao halisi, na Mista Roy aliniambia kwamba huko kwao Uingereza kwenye mvua mbao zile zilikuwa zikiota uyoga, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Kulikuwa na teksi nyeusi ya London, yenye nafasi ya abiria kunyoosha miguu kama yuko sebuleni. Na kulikuwa na Jagua nyekundu, ndefu, ambayo viti vyake vya ngozi vilikuwa vimekauka na kupasuka, na hiyo ndiyo ilikaribia kunitia matatani.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu ngozi ikikauka unaipaka mafuta ya ng'ombe, unaisugua kwa kiganja mpaka inyonye, na Yaya Riziki ndiye aliyenifundisha, tukiwa tumekalia ngozi yenyewe, yeye upande wake na mimi wangu. Nikaviona viti vya Jagua nikavionea huruma. Nikanunua kopo la samli kwenye duka la Msomali, nikaja nalo mkobani, nikavisugua viti vyote viwili siku moja asubuhi kabla Mista Roy hajafika. Viling'aa, wee! Aliposimama pale akaviangalia na kusema kwamba hewa ya mwezi huo ina unyevu mzuri. Joto lilipokuja samli ikachacha. Mzee wa watu akahangaika kutafuta panya aliyekufa. Alifungua boneti, akang'oa mazulia, akalala chini na tochi, na mimi nafagia pale pale palipokwisha kufagiwa. Mwisho nilimwonea huruma nikamletea kopo. Alilisoma, akalinusa, akaninusa na mimi kama anahakikisha. Kisha akanipa chupa ya mafuta yake ya ngozi na akanifundisha kuyapaka, na kutoka siku hiyo ile ndoo nikaruhusiwa kuigusa.

Nimeanza na vichekesho kwa sababu naogopa kufika kwenye Landrova. Ilikaa ukutani mwisho kabisa, ya kijani, ndefu, gurudumu la akiba juu ya boneti, usukani upande wa kulia, na nyuma mabenchi mawili yakitazamana, abiria wakikaa magoti kwa magoti. Siku nilipoizunguka mara ya kwanza, niliizunguka tena, na tena. Kanisa letu milimani lilikuwa na Landrova ya namna hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, iliyoachwa na wamisionari, na karibu miaka ishirini kabla ya hapo ndiyo iliyotutoa katika vita. Ilibeba wamama wenye watoto wachanga na wazee wawili. Mimi nilikuwa na Sifa mgongoni, wa miezi mitatu. Yaya Riziki alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na mwanawe Amosi, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utotoni. Dereva akasema imejaa, atarudi kuwachukua waliobaki. Hakurudi, daraja lilivunjwa nyuma yetu. Yaya alishuka kwa miguu mpaka ziwani, akavuka, akaishia kambini Tanzania. Amosi alifia njiani kwa kuhara. Hayo niliyasikia baadaye, kupitia watu.

Hicho ndicho nilichokuwa nashuhudia. Watu wa kwetu wanajua ushuhuda unavyokwenda: unasimama, unasema jina lako na asante kwa Mungu, unaeleza alivyokutoa. Wangu ulipendwa. Nilieleza gari lilivyojaa mpaka pomoni, mimi na mtoto tumebanwa, nimeegemea vyombo vya kwaya, na kwamba Mungu alinitunzia nafasi ya mwisho kabisa. Hapo kwenye nafasi ya mwisho kanisa lilikuwa linapiga makofi. Nami kila asubuhi, nikimaliza vile vigari vya kuchekesha, nilikwenda kwenye Landrova ile ya Mista Roy, nikafungua mlango wa nyuma, nikaweka kiganja juu ya benchi, nikaomba. Nilikuwa na furaha. Leo naliandika neno hilo na naliona aibu, lakini ndilo lenyewe: nilikuwa na furaha, nikipangusa gari lililomwacha dada yangu.

Mwaka huo huo Yaya alipata safari ya kuja Amerika, akapelekwa Buffalo. Tulizungumza kwenye simu mpaka simu zikapata moto. Majira ya joto yalipofika, Bahati, mtoto wa kaka yetu anayekaa Linden kule Columbus, akamfuata Buffalo kwa gari lake, akamlaza kwake siku mbili, kisha akamleta Louisville. Nilimwona akishuka pale kwenye maegesho, mwembamba, kitenge chake kimefungwa juu ya suruali ya msaada, akaangalia madirisha yote akinitafuta. Nilishuka ngazi mbio bila viatu. Tulilia, tukacheka, tukalia tena, na Bahati akabaki ameshika masanduku akisema, "Bon, bamama, twende ndani, watu banatuangalia." Nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa tunaowaita ndagala, nikaweka na kuku kwa kuwa alikuwa mgeni, na yeye akala sombe tu, akafumba macho. Sifa alimsalimia kwa Kiswahili alichokuwa amekifanyia mazoezi, kilipomwishia akaendelea kwa Kiingereza, na Yaya akaitikia kila neno kama ameelewa. Alimshika uso kwa mikono miwili. "Kale katoto ka ku mugongo," akasema. "Kamekuwa mutu."

Jumapili tukaenda kanisani. Nilijua wataniita, na wakaniita. Hapo ningeweza kusema nimechoka. Lakini nilikuwa nimejawa na furaha ya kumpata dada yangu, na sikuwa na ushuhuda mwingine, nikasimama na ule ule. Nikafika kwenye gari lililojaa. Nikafika kwenye nafasi ya mwisho. Makofi yakapigwa, na nilipotazama mstari wa mbele nikamwona Yaya naye anapiga makofi, taratibu, macho yakiwa chini. Aliitikia Amina pamoja na wote. Nilikaa, na kiti kilikuwa cha moto.

Kesho yake makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa wageni, na Mista Roy alikuwa ameniambia nimlete. Nilitaka aone kila kitu. Nilimwonyesha kigari kisicho na rivasi akakigeuza kwa mkono wake mwenyewe akicheka, nikamwonyesha viti nilivyovipaka samli akanipiga bega: "Mudogo, ulipaka jaguar ya muzungu mafuta ya ng'ombe? Weye uko muzima kweli?" Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tukiwa wasichana. Kisha tukafika mwisho wa ukumbi, akasimama mbele ya Landrova.

"Ni yenyewe?" akaniuliza.

"Si yenyewe, Yaya. Ni ya namna moja."

"Minaweza panda?"

Wageni hawaruhusiwi kupanda. Nilimgeukia Mista Roy, naye akaangalia uso wa Yaya, akaenda kuondoa kamba, akafungua mlango wa nyuma, akatuachia. Yaya akajishika pembeni, akapanda, akakaa mwanzo wa benchi, mkoba juu ya mapaja. Akatazama benchi la mbele yake. Halafu akaanza kuonyesha kwa kidole, kama mtu anayepanga wageni kwenye meza ya harusi.

"Pale bazee babili. Pale bamama ba Kalonge na batoto babo. Huku Mama Pasta. Huku weye na Sifa." Akasogea mpaka mwisho wa benchi, kwenye kona iliyokuwa karibu na dereva. "Na hapa spika."

Akakaa pale kwenye kona. Alivuta magoti, akapakata mkoba, na kando yake ikabaki nafasi ya kutosha mtoto. Akaipapasa kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Bon," akasema. "Nafasi ilikuwako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetafuta ufunguo siku nyingi na kuuona mezani. Na mimi nikiwa nimesimama pale na kitambaa cha kupangusia mkononi, nikaiona ile spika. Nilikuwa nimeisahau, au niseme nilikuwa sijawahi kuiona kuwa ni kitu kinachokaa mahali pa mtu. Spika ya kwaya, lile sanduku jeusi tulilolinunua kwa michango ya mavuno ya miaka kadhaa, pamoja na betri yake. Ilipakiwa kwanza, kabla ya watu, ikawekwa juu ya benchi ili isigongwe miguu. Ilikuwa mali ya Mungu. Hakuna aliyetaka waporaji waichezee disko. Mchungaji hakusema ishushwe, dereva hakusema, Mama Pasta hakusema, wale wazee ambao neno lao lilikuwa likisikilizwa na kijiji kizima hawakusema. Mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Niliiegemea njia nzima. Vile vyombo vya kwaya nilivyovitaja kwenye ushuhuda wangu miaka yote hiyo, nikipamba maneno, vilikuwa Yaya Riziki na Amosi.

Sifa alikuja kutuchukua. Njia nzima Yaya aliuliza kuhusu miti. Nyumbani alioga, akapumzika, na nilipokuwa jikoni nikichambua sombe ambayo hakuna aliyekuwa na njaa ya kuila, nikamsikia ndani akizungumza kwenye simu na mtu wa Buffalo. Kuta za Newburg ni nyembamba, hata ukitaka usisikie utasikia. "Eee, bananitunza muzuri," alisema. "Mudogo yangu? Iko na kazi ya muzuri, anapanguza magari ya zamani ya bazungu. Anacheka mingi. Donc minamushukuru Mungu, hata kama ni mumoja, alitoka muzima kabisa." Nilifungua bomba maji yatiririke, nikaegemea sinki. Kama angenitukana kwa huyo mtu wa Buffalo ningepumua.

Nilimngoja atoke. Nikamwekea chai, nikapiga magoti pale kwenye sakafu ya plastiki ya jikoni, nikamwambia anisamehe.

"Nikusamehe nini? Si weye ulipakiza."

"Lakini niliegemea, Yaya. Niliegemea ile spika."

"Minajua. Nilikuona mu dirisha." Akapuliza chai yake. "Ulikuwa umechoka, na mutoto anakunyonya. Nikasema, afazali, ako na kitu ya kuegemea."

Nilimwambia Jumapili ijayo nitasimama nieleze kila kitu, spika na yote. Akakataa kabisa. Alisema yule pasta amekufa, dereva amekufa, watu wanaotupigia makofi hawakuwepo, na mtu akitoka kazini juma zima amechoka, anataka kusikia Mungu aliokoa. "Bakuulize, utasema nini? Eti tuliokoa muziki?" Na hapo akacheka kidogo, kicheko ambacho sijui mpaka leo kilitoka wapi, na akanivuta mkono niinuke, akasema magoti yangu ni ya kazi, nisiyaharibu bure.

Basi nikatii. Lakini kutii huko kulinipa nafasi ya kujificha, najua. Nilipoitwa tena nilisema sauti imenikauka, na mara nyingine tena nikasema hivyo, mpaka wakaacha kuniita. Kazini nilimwomba Mista Roy anitoe kwenye Landrova. Hakuniuliza sababu, akawa anaipangusa mwenyewe. Vigari vile vya kuchekesha viliendelea kunichekesha, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilidhani huzuni itakuja ichukue kila kitu, lakini nilikuwa nikikiona kile kigari kisicho na rivasi natabasamu, halafu nakumbuka, halafu nainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari. Tajiri alikufa, magari yakauzwa moja moja. Lori lilipokuja kuchukua Landrova nilijifungia chooni. Yaya alibaki Buffalo, akapenda theluji kwa sababu zake, tukapigiana simu kila Jumamosi, na hatukuizungumzia tena. Nilikuwa nangoja anitolee ukali hata siku moja. Hakunitolea.

Ndiyo maana niliirudisha maikrofoni. Ibada ilipokwisha tukatoka nje, baridi inakata masikio, theluji imepangwa pembeni kama kuta. Gari la wafiwa lilikuwa la kanisa, van nyeupe yenye safu nne za viti. Nikapandishwa mimi, Sifa, Bahati na mkewe, wamama wengine, na vijana wa kwaya nyuma. Mama Jeneroza akaja wa mwisho, akitembea kwa uangalifu juu ya barafu, na mkono wake ulipofika mlangoni kijana mmoja wa kwaya akamwambia kwa adabu, "Imejaa, Mama. Kuna gari ingine inakuya nyuma."

"Haidhuru, mwanangu," akasema Mama Jeneroza, akarudi nyuma hatua moja.

Niligeuka. Kwenye kiti cha safu ya nyuma yangu ilikuwa imekaa spika, nyeusi, mpya, imefungwa mkanda wa usalama kifuani kama mtu.

"Toeni spika," nikasema.

Vijana wakatazamana. "Mama, ni ya kuimbia ku kaburi. Tutaimba na nini?"

"Na kinywa."

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamtafuta mkubwa wa kuwaambia kwamba mama huyu amechanganywa na msiba. Bahati aliangalia viatu vyake. Ni Sifa aliyeinuka, akainama nyuma, akafungua ule mkanda, na wawili wakaishusha, wakaiweka mbele ya mlango wa kanisa, juu ya theluji. Mmoja akavua skafu yake akaifunika. Mama Jeneroza akapanda, akapita akishika mabega yetu, akakaa, akakung'uta viatu. Pale alipokaa pakabaki hata mahali pa kuweka mkoba wake.

"Kumbe nafasi ilikuwapo," akasema.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu, kwa sauti ambayo gari zima liliisikia. "Ilikuwapo."